Kitufe Kisicho na Kazi

3 Machi

Mdogo wangu,

Nimeumaliza mchezo wako kabla chai haijapoa. Chanzo cha habari hii ni mimi mwenyewe, nikiwa meza ya jikoni, na Mama ni shahidi.

Uliniomba niandike nisipige simu, eti kwenye simu nawakatiza watu kabla hawajafika kituo. Haya, naandika.

Nilichokiona ni hiki. Skrini nyeupe, na mstari mweusi unaopanda na kushuka kama vilima. Juu ya mstari kuna duara kubwa, na hilo ndilo mimi. Nyuma yangu kuna mraba mdogo unaonifuata. Hakuna neno, hakuna uso, hakuna muziki, ila mlio mdogo kila mraba unapogusa ardhi. Niliuona mraba nikatimua mbio. Mwendo wake ni wa kudunda upande mmoja, kwa hiyo haukunipa taabu. Nikafika mwisho wa mstari, skrini ikazimika. Mraba ulibaki huko nyuma, sikuuona tena.

Uliuliza nilihisi nini. Nilihisi nimeshinda. Baada ya hapo nilihisi njaa.

Ushauri wangu ni kuweka maneno. Hata habari ya baiskeli kugonga ukuta inasema nani alikuwa anaendesha na alikuwa anakwenda wapi. Mimi sijui yule mraba ananifukuza kwa kosa gani.

Najua kilichopo. Likizo yako isiyo na mshahara inaisha Aprili. Maonyesho ya michezo yakiukataa mchezo huu, unarudi kuandika programu za kuhesabia vidonge kwenye maduka ya dawa, na safari hii hutatoka. Sitaki urudi kule. Ndiyo maana sikupambi kwa maneno.

Mama anakusalimu. Anauliza kama unakula.

Dada


5 Machi

Dada,

Nakula, mwambie.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa. Mraba haukuwa unakufukuza. Nimekuwa nikiutengeneza tangu mwaka jana na haikunipitia akilini kwamba mtu anaweza kuukimbia. Nilimwonyesha Fundi Sauti barua yako (ndiye anayenitengenezea milio, tunagawana chumba cha kazi na feni moja). Alicheka mpaka akapaliwa. Halafu akaita watu watatu kutoka kwa kinyozi wa chini, akawakalisha mmoja mmoja. Wote walikimbia. Mmoja alisimama kwenye kiti akishangilia.

Fundi anasema kosa ni langu, si lenu. Katika michezo yote duniani, kinachokufuata kinataka kukula. Watu wamefundishwa hivyo mpaka vidoleni. Nikitaka waelewe vingine, mchezo wenyewe uwafundishe upya, kwa mwendo wake, si kwa kibandiko.

Kwa hiyo maneno siweki. Naomba usiniulize kwa nini.

Swali moja. Ulibonyeza kile kitufe kirefu cha chini?

Kobe


8 Machi

Kobe,

Sikukibonyeza. Hukuniambia kipo.

Kuniambia nisiulize kwa nini ni sawa na kumwambia mbuzi asiangalie majani. Nimejijibu mwenyewe: mchezo unamhusu Baba. Alikuwa anatembea mbele daima, mikono nyuma, sisi tunamfuata kama vifaranga, na hakugeuka hata siku moja. Duara ni yeye, mraba ni wewe. Kama ndivyo, umefaulu kupita kiasi, maana nami sikugeuka.

Lakini kama unataka niuone mraba kuwa mtoto, basi haufanani na mtoto. Wewe hukuwa hivyo. Njia ya shule, na kile chuma chako mguuni, ulikuwa ukibaki nyuma, sawa. Ila ukinifikia hukuwa unasimama ubavuni kwangu kama mtu mwenye adabu. Ulikuwa unanipita kidogo, unaruka kwa ule mguu mzima, unatangaza, "Nimeshinda!" Kila kilima. Na jina la Kobe ulijipa mwenyewe, ili watoto wa mtaa wasikuwahi. Mraba wako hauna ujeuri huo. Unafuata tu, kama deni.

Hapa ofisini lifti imekufa tena. Ghorofa nne kwa ngazi, na magoti yangu yameanza kutoa taarifa zao wenyewe. Vijana wa habari za michezo wananipita wakisema, "Pole, Bi Mkubwa." Nitamuua mmoja wao.

Dada


9 Machi

Dada,

Adui hapiti mbele!

Anayekufukuza akikufikia anakugusa, mchezo umekwisha. Anayekupita, akaruka, akatua hatua moja mbele yako, huyo hawezi kuwa adui. Hakuna mchezo wowote ambao adui hufanya hivyo. Vidole vitaelewa kabla ya kichwa.

Umenipa ufunguo na hujui ni wa mlango gani. Si Baba, kwa taarifa yako.

Usiniandikie mpaka nikuandikie. Natengeneza.

Kobe


30 Machi

Kobe,

Mhariri wetu amesubiri. Nimeliona kwa macho yangu, na mpokea wageni pia ameliona, nasi sote wawili tumeamua kutoliamini mpaka lirudiwe.

Toleo jipya ulilotuma sijalicheza. Mimi ni shahidi aliyeharibika, nimeshajua mno. Niliona bora nikae pembeni na kalamu nitazame wengine. Nikaanza na Mhariri. Unajua tunamwita Moto. Hula amesimama. Hujibu swali kabla hujaliuliza. Mwaka huu amefunga mlango wa gari juu ya koti la mpiga picha kwa sababu mpiga picha alikuwa hajamaliza kuingia.

Alikaa akasema, "Nipe haraka, nina ukurasa wa kwanza haujafungwa." Akakimbia, kama sisi sote. Kwenye bonde la kwanza, pale mstari unapokuwa mzito, mraba ulimfikia. Akasema neno ambalo sitaliandika, akidhani amekufa. Mraba ukampita, ukaruka, ukatua mbele yake. Ule mlio ukapanda sauti moja.

"Hiki kidude kinanidharau," akasema. Lakini aliacha kukimbia.

Kilima cha pili alikuwa anatangulia kidogo, anasimama, anatangulia, anasimama. Nikaona ulichotaka nione: duara likisimama tu, mraba unakazana, unajikwaa, unainuka. Moto hakupenda. "Asiharakishe bwana, mbona anaharakisha?" Akaanza kubonyeza vitufe ovyo, kama anavyofanya na mashine ya nakala, mpaka akagonga kile kirefu cha chini. Duara likabonyea upande mmoja, kama mtu anayeinama. Na mraba ukaacha kukazana. Ukaja kwa mwendo wake. Ukapita, ukaruka.

Tangu hapo alikuwa anainama kila kilima. Hakuna aliyemwambia.

Halafu kuna kile cha mwisho ambacho hukunieleza. Kilima kirefu kuliko vyote. Moto anabonyeza mbele, duara haliendi kama zamani. Limekuwa zito. Akadhani kompyuta imekwama, akaipiga kofi. Mraba ukampita, ukatangulia, ukafika karibu na ukingo wa skrini. Hapo ukasimama. Ukabonyea upande mmoja, kama unainama.

Simu yake ililia mezani. Hakuipokea. Alipanda kile kilima polepole mpaka mwisho, mraba ukiinama na kuinuka mbele yake.

Nikamuuliza, "Nani alikuambia usubiri?"

"Kwani niliambiwa na mtu?" akasema. Halafu, "Nianzishie tena."

Dereva wa magazeti na mpokea wageni nao walicheza. Dereva alikimbia mpaka kilima cha tatu ndipo akarudi nyuma mwenyewe, na njia ya kurudi ni ndefu, akisema, "Samahani, samahani, nilikuwa sijui." Alikuwa anauambia mraba.

Yale niliyosema kuhusu maneno nayafuta.

Dada


2 Aprili

Dada,

Barua yako ya Moto nimeibandika ukutani. Fundi Sauti anawasomea wateja wa kinyozi.

Sasa habari mbaya iliyovaa suti. Mkuu wa kamati ya uteuzi ameandika. Tunamwita Bwana Miwani, ni mtu mwenye heshima zake na michezo anaijua. Anasema mchezo ni "nadhifu" na yuko tayari kuupa nafasi ukumbi wa kati, penye taa, kwa masharti mawili. La kwanza, yawekwe maneno mwanzoni, amependekeza mwenyewe: "Msubiri mwenzako." La pili, kitufe kirefu kiondolewe au kipewe pointi. Amekaa na saa akapima. Duara likisimama tu au likiinama, mraba unafika kwa muda uleule. Kwa hiyo, anaandika, "kitufe hiki hakina kazi."

Amepima sawasawa. Muda ni uleule, niliufanya hivyo makusudi.

Nisipokubali, hajasema atanikataa. Amesema tu kamati "itatafakari upya". Wewe unajua hiyo maana yake nini kuliko mimi.

Fundi anasema nikubali. "Ingia kwanza, ubishi utaukuta ndani." Ana hoja. Niliondoa kitufe jana kwenye nakala moja, nikacheza. Mchezo bado unakwenda. Hakuna kilichovunjika. Ndicho kilichonitisha.

Jibu linatakiwa tarehe sita. Nishauri, kama mwandishi, si kama dada.

Kobe


4 Aprili

Kobe,

Nimecheza. Nisingeweza kushauri juu ya kitu nilichosimuliwa na Moto.

Nilikuwa meza ileile ya jikoni. Bonde la kwanza ukanipita, ukaruka, nikacheka peke yangu. Kilima cha pili nikasimama, nikaona unajikwaa kwa kuharakisha, nikabonyeza kitufe kirefu. Duara likainama.

Nina swali moja la kikazi. Ulijua tangu lini?

Maana mimi nilidhani nimeificha vizuri. Mwenyewe nilikuwa naona fahari. Nikisimama tu kukungoja ulikuwa unakazana mpaka ule mguu unakupiga, halafu unakasirika siku nzima. Nikiinama kufunga kamba ya kiatu, ulikuwa unakuja kwa raha zako, unanipita, unashinda. Basi nikawa msichana ambaye kamba zake zinafunguka kila kilima. Mwalimu wa zamu pale langoni alinifagilisha uwanja kwa uchelewaji muhula baada ya muhula, wewe akikupitisha kwa sababu ya mguu. Sikumwambia mtu. Ungesikia ungeanza kuamka na jogoo ili utoke kabla yangu, nami nisingekuwa na wa kubishana naye njiani.

Mama alikuwa anachambua mchele nyuma yangu. Akaliona duara likiinama. Akasimamisha mkono. Akalitazama tena kilima cha tatu. Akasema, "Kumbe zile kamba."

Nikabonyeza tena.

"Mtoto wewe! Kamba zote nilizokununulia! Nilimgombeza muuza viatu mbele za watu kwamba anauza kamba za utelezi!"

Sijawahi kumwona Mama akicheka hivyo tangu Baba aondoke. Amedai afundishwe kucheza. Anainama hata kwenye tambarare, ambako hakuna wa kumngoja.

Sasa ushauri, kama mwandishi. Bwana Miwani amepima muda. Muda hausemi uongo, ila alipima kitu kimoja kati ya viwili. Anayengojwa kwa kusimama na anayengojwa kwa kuinama wanafika saa ileile. Tofauti ni mmoja amefika akiwa ameaibika, mwingine amefika akiwa ameshinda. Mpe hivyo hivyo, kwa sentensi mbili, bila kumpamba wala kumtukana. Na ukikipa kitufe pointi, watu watainama kwa sababu ya pointi. Mimi sikulipwa.

Kama dada sina ushauri, ulisema hutaki.

Wakikunyima ukumbi, utarudi kuhesabu vidonge, nami nitakuwa na hasira na wewe hutakuwa na kosa.

Jibu swali langu.

Dada


5 Aprili

Dada,

Nimemwandikia leo asubuhi. Sentensi mbili, zako, nimebadilisha nukta tu. Maneno hayawekwi, kitufe kinabaki, hakina pointi. Fundi Sauti alisoma juu ya bega langu, akasema, "Haya, tukafe wima," akaenda kutununulia maji baridi.

Swali lako. Nilikuwa darasa la pili. Ilikuwa mvua imenyesha usiku kucha, viatu vyako vilikuwa vimelowa, Mama akakwambia uvae ndara. Kilima cha kanisa nikabaki nyuma. Nikainua macho nikakuona umeinama, unafunga kamba.

Ulikuwa umevaa ndara, Dada.

Nilikuja kwa mwendo wangu, nikakupita, nikaruka. Tangu siku ile nilikuwa najua kila kilima, na kila kilima niliruka hivyo hivyo, kwa sababu niliona ukifurahi.

Nimejaribu kukuambia asante kwa maneno mara nyingi. Mara ya mwisho ilikuwa kwenye harusi ya binamu, ukanikatiza kuuliza nani amepika pilau. Kwa hiyo nikatengeneza mchezo.

Kobe


27 Aprili

Dada,

Tumeshinda. Aliyetangaza ni Bwana Miwani mwenyewe, kwa kipaza sauti, mbele ya ukumbi uliojaa, na alitamka "Kitufe Kisicho na Kazi" kama mtu anayelipa faini. Jina nilibadilisha usiku wa kuamkia maonyesho. Niliona lake ni zuri kuliko langu.

Nikueleze kwa mpangilio, la sivyo utanirudishia barua na wino mwekundu. Kama nilivyokwambia kwa simu, walitukubali, ila si ukumbi wa kati. Walituweka kwenye ujia, karibu na mlango wa stoo ya viti. Siku ya kwanza mpaka saa sita waliotutembelea walikuwa wabeba viti wawili. Nao ndio walioanzisha. Mmoja alicheza, mwenzake akashikilia viti vyote huku akilalamika, halafu wakabadilishana, halafu viti vikasahaulika ujiani na hotuba ya ufunguzi ikasikilizwa na watu waliosimama. Waandaaji walipokuja kuuliza viti viko wapi, wakakuta foleni.

Kijana mmoja mwenye spika masikioni alisema kwa sauti kwamba huu ni mchezo wa chekechea. Akamaliza kilima cha mwisho. Akazunguka akasimama nyuma ya aliyefuata, na yule alipoanza kukimbia, akamshika bega: "Sio hivyo, kaka. Tulia kwanza. Utaona." Alikaa pale mpaka kufunga, anawatuliza watu, hakuna aliyemtuma. Fundi Sauti amempa kofia.

Mama mmoja alicheza na binti yake amempakata. Duara lilipokuwa zito na mraba ukainama mbele, binti akauliza, "Kwa nini kidogo kinamngoja?" Mama yake akasema, "Zamu yake." Nikatoka nje kidogo, nikarudi.

Bwana Miwani alikuja siku ya mwisho, bila saa. Alipanga foleni kama watu wengine, nami nikajifanya simwoni. Alipofika alicheza taratibu, anainama kila kilima. Kilima cha nne mraba ulikuwa umeshafika na kuruka, yeye bado kidole kiko juu ya kitufe.

"Kitufe chako hakina kazi," akaniambia.

"Ndiyo, mzee."

Akakibonyeza tena.

Tuzo tuliyopata si ya kamati, ni ile ya wachezaji, inayopigiwa kura na wanaoingia mlangoni. Hakuna mwaka ambao iliwahi kwenda kwa mchezo wa ujiani. Wabeba viti walipiga vigelegele na viti vichwani. Fundi Sauti alilia waziwazi, anasema ni vumbi la stoo. Na kuna kampuni ya michezo imeniomba nitengeneze mwingine, nikiwa na chumba changu na feni yangu mwenyewe. Leo asubuhi niliwaandikia wale wa maduka ya dawa kwamba sirudi.

Jambo la mwisho. Washindi wanapelekwa kuonyesha michezo yao miji mingine, na wa kwanza ni kwenu, jengo la maktaba kuu, Jumamosi. Nimeangalia picha yake. Lina ngazi nyingi na halina lifti. Usione tabu. Mimi siku hizi viatu vyangu vina kamba ndefu sana.

Kobe


29 Aprili

Kobe,

Basi lako linaingia Jumamosi saa tatu asubuhi. Nimethibitisha na karani wa stendi. Maktaba inafunguliwa saa nne. Moto atatuma mpiga picha, na amenionya kwamba habari hii siiandiki mimi, kwa kuwa nina maslahi. Amesema ataiandika mwenyewe. Hajaandika habari tangu apewe kiti kile.

Mama amenunua kamba za viatu, jozi sita. Anasema ni za kukufundisha adabu, sikumwuliza nani kati yetu.

Kuhusu harusi ya binamu: nilikusikia. Pilau nilikuwa najua nani amepika.

Tutakungoja pale chini ya ngazi za maktaba, Jumamosi kabla ya saa nne. Nitavaa ndara.

Dada